Upinde wa paraleli za Ohtani, Topps Chrome 2018 namba 150: nianzie wapi na niishie wapi?

MsakaUpinde

Wakuu, habari za humu. Nakusanya paraleli, yaani matoleo ya kadi ileile yenye rangi au mng'ao tofauti, za kadi moja tu ya besiboli: Shohei Ohtani, Topps Chrome ya 2018, namba 150, ile ya mwaka wake wa kwanza ligi kuu akiwa na timu ya Angels. Rangi zote zikikamilika ndio tunaita upinde. Kadi ya kawaida ninayo, refrakta ya kawaida (ile inayovunja mwanga kuwa rangi) ninayo, na prism, aina nyingine ya refrakta, ninayo. Sasa nataka kuingia kwenye zile zenye namba ya nakala, kama 17/50, na hapo nina maswali manne.

Kwanza, ni busara kutafuta maboksi yaliyofungwa ya 2018, au ninunue kadi moja moja? Pili, nianze na zambarau na bluu ambazo bei yake inavumilika, au nisubiri zile za juu? Tatu, kwenye mnada picha nyingi ni za hovyo. Nitajuaje kwamba kadi ni paraleli inayotajwa? Nne, refrakta yangu imeanza kupinda kama ganda la mti. Kuna namna ya kuinyoosha bila kuiharibu?

NambaNyuma

Karibu mkuu. Nianze na hesabu, kwa sababu ukishaiona, swali la kwanza linajijibu.

Seti ya Topps Chrome 2018 ina kadi 200 za msingi. Paraleli ya dhahabu huchapwa nakala 50 kwa kila mchezaji, kwa hiyo dhahabu zote za seti nzima ni 200 mara 50, yaani 10,000. Tuseme kwa mfano pakiti imeandikwa kwamba dhahabu hutoka moja katika pakiti 80. Hiyo ni dhahabu ya mchezaji yeyote. Dhahabu ya Ohtani ni moja katika 80 mara 200, yaani pakiti 16,000. Boksi la hobi, lile la maduka ya wakusanyaji, lina pakiti 24, kwa hiyo ni maboksi 667 kwa wastani, na wastani haukuahidi chochote. Fanya hesabu hiyohiyo kwa nyekundu yenye nakala 5 na utafunga kalamu.

Ongeza na hili: boksi la 2018 lililofungwa leo tayari limepandishwa bei na jina la Ohtani na la Ronald Acuña Jr. Anayekuuzia ameshaiuza bahati hiyo ndani ya bei. Pakiti za zamani zilizo nje ya boksi ndizo mbaya zaidi, kwa sababu ni rahisi kufunguliwa, kuchambuliwa na kufungwa upya. Nunua kadi moja moja, basi.

Sasa ngazi yenyewe. Kwenye Chrome rangi hushuka hivi: zambarau, ambayo kutegemea mwaka huwa 250 au 299, bluu 150, kijani 99, dhahabu 50, chungwa 25, nyekundu 5, na supafrakta 1. Pembeni kuna zisizo na namba, kama refrakta ya kawaida, prism, sepia, pinki na ile ya vijiraba, na baadhi ya hizo zilitoka kwenye maboksi ya rejareja peke yake. Kuna pia za mawimbi, zenye hesabu yake. Kabla hujatoa hata dola moja, chukua orodha rasmi ya toleo hilo, uiandike kwenye jedwali: jina la paraleli, nakala ngapi, ilitoka kwenye boksi la aina gani, unayo au huna, namba ya nakala yako, ulinunua kwa kiasi gani na tarehe.

Halafu angalia jambo moja kwenye jedwali hilo. Jumlisha kijani, dhahabu, chungwa, nyekundu na supafrakta: 99 na 50 na 25 na 5 na 1 ni 180. Dunia nzima ina kadi 180 tu za ngazi hizo tano, kwa mchezaji anayetafutwa kuliko wote. Nyekundu zikiwa tano, hawawezi kuwepo zaidi ya watu watano wenye upinde unaofika nyekundu. Kila nyekundu iliyoingia kwa mtu asiyeuza imempunguzia mtu mmojawapo nafasi. Kwa hiyo amua leo upinde wako unaishia wapi. Unaoishia dhahabu ni upinde wa heshima kabisa, na unawezekana. Unaoishia nyekundu hautegemei bidii yako. Unategemea wengine watano.

Lenzi10

NambaNyuma kamaliza upande wa hesabu. Mimi nitashika swali la tatu, maana hapo ndipo pesa nyingi zinapopotelea.

Kadi ya kawaida ya Chrome inang'aa kama fedha. Refrakta inavunja mwanga. Shika kadi chini ya taa moja tu, usiishike chini ya taa nyingi wala mbele ya dirisha pana, kisha iinamishe polepole kushoto na kulia. Kwenye kadi ya kawaida utaona mng'ao mweupe unaosogea. Kwenye refrakta utaona mstari wa rangi, kutoka nyekundu hadi zambarau, ukipita juu ya mwili wa mchezaji na mandhari yake. Ukishauona mara moja hutauchanganya tena.

Tatizo la mnadani ni kwamba picha haiinamishwi. Skana ndiyo adui mkubwa, kwa sababu mwanga wake unapiga wima na refrakta hutoka imefifia, nyeusi-nyeusi, kama kadi ya kawaida. Na kinyume chake pia hutokea: taa kali ikipiga kadi ya kawaida kwa mshazari, muuzaji anaona rangi kidogo na kuiita refrakta. Kwa hiyo omba vitu viwili: video ya sekunde tano kadi ikiinamishwa, na picha ya nyuma iliyo wazi kiasi cha kusomeka maandishi madogo.

Nyuma ndiko kwenye ushahidi. Kwa miaka mingi Topps Chrome imechapa neno REFRACTOR kwa herufi ndogo karibu na namba ya kadi. Neno hilo linaitenga na kadi ya kawaida, lakini halikuambii ni refrakta ya aina gani, hivyo mbele kunabaki kuwa muhimu. Wanaokusanya za zamani wakumbuke kwamba refrakta za kwanza kabisa, zile za Topps Finest 1993, hazina neno hilo. Huko ni jicho na taa tu.

Michoro ya kutambua: prism ina vipande vya mwanga vilivyokatika-katika badala ya mstari laini, ile ya vijiraba ina miraba midogo kama karatasi ya hesabu, za mawimbi zina mistari inayopinda, supafrakta ina mandhari ya dhahabu yenye miduara kama magurudumu ya saa. Zinazochanganywa sana ni sepia na dhahabu. Sepia ni kahawia-njano, kama picha ya zamani, na haina namba ya 50. Muuzaji akikuandikia "dhahabu" na hakuna namba popote, usibishane naye, ipite.

Kuhusu namba zenyewe: zimepigwa kwa foili. Mjanja anaweza kupiga namba bandia juu ya refrakta ya kawaida, lakini hawezi kuubadilisha ukingo wake. Namba ya 50 lazima ikae kwenye kadi yenye ukingo wa dhahabu, ya 25 kwenye chungwa, ya 5 kwenye nyekundu. Rangi na namba zikikataana, kadi ni ya uongo. Zikikubaliana, linganisha umbo la tarakimu na nafasi yake na kadi nyingine yoyote ya toleo hilohilo, hata ya mchezaji wa bei ya chini, kwa sababu mashine ilikuwa ileile. Mwanya kati ya tarakimu na mkwaju ndio unaowaumbua wengi.

KonaNne

Naongezea hapo kwa Lenzi10: akinunua kadi isiyo na gredi, yaani ambayo haijapimwa ubora na kampuni ya kukagua kadi, akague ukingo wenye rangi kwa lenzi ya kukuza mara 10. Kwenye kadi ya kawaida mchubuko hauonekani vizuri kwa sababu ukingo ni wa fedha. Kwenye zambarau, bluu na kijani, kila kichubuo ni nukta nyeupe juu ya rangi nzito. Anza kona ya juu kushoto, zunguka kadi yote, halafu geuza nyuma urudie. Kisha ilaze karibu usawa wa jicho, taa ikitokea ubavuni, utafute mistari ya roli, ile myembamba iliyonyooka kutoka juu hadi chini. Hiyo ilitoka kiwandani na haifutiki. Usijaribu kuifuta kwa kitambaa, utaongeza mikwaruzo juu ya mstari.

Kwenye swali la pili nina msimamo: anza na ngumu. Zambarau na bluu zipo kila wiki kwenye mnada. Ukikosa leo utaipata mwezi ujao. Chungwa yenye nakala 25 inaweza kukaa muda mrefu bila kuonekana, halafu ikaja siku ambayo pesa yako yote umeshaimaliza kwenye zambarau. Weka akiba, weka arifa ya utafutaji yenye jina, mwaka, namba ya kadi na "/25", na nyingine yenye "/50", kisha ngoja.

NambaNyuma

KonaNne, hapo tunatofautiana. Kwa mchezaji wa kawaida nakubaliana nawe asilimia mia. Kwa Ohtani wa 2018, mtu akianza na chungwa anaweza kukaa miaka na kadi tatu mkononi na asiwe na upinde wowote. Ningeanza na kijani na dhahabu. Ziko chache kiasi cha kutoweka, lakini 99 na 50 bado ni soko, kwa maana kwamba kuna mauzo ya karibuni ya kulinganisha bei. Kwenye chungwa mara nyingi unanunua bila kipimo, kwa sababu mauzo ya mwisho yanaweza kuwa ya zamani sana, kabla mchezaji hajapanda au hajashuka.

Na kuhusu bei: angalia mauzo yaliyokamilika, usiangalie bei zilizowekwa. Pale ambapo muuzaji alikubali ofa, bei unayoiona imekatwa kwa mstari si ile iliyolipwa. Kadi iliondoka kwa pungufu. Usiichukue kama kipimo.

Mambo mawili yanapandisha bei bila kubadilisha uchache. La kwanza ni rangi kuendana na timu. Ohtani alikuwa Angels, na Angels ni nyekundu, kwa hiyo nyekundu yenye nakala 5 ni chache na ni rangi ya jezi kwa pamoja. Bluu, ambayo kwa mchezaji wa Dodgers, wanaovaa bluu, ingekuwa na nyongeza hiyo, kwa kadi hii ya 2018 ni bluu tu. La pili ni namba ya jezi. Ohtani huvaa 17, kwa hiyo 17/25, 17/50, 17/99 na 17/150 huuzwa juu ya nyingine za rangi zao. Nyekundu haina 17, inaishia 5. Kama lengo lako ni upinde, kimbia kila 17 unayoiona. Chukua 31/50 au 42/50, ni dhahabu ileile.

MsakaUpinde

Shukrani sana wakuu. Nimeamua kuishia dhahabu kwanza. Maswali mawili madogo: bamba za kuchapia zinahesabika kwenye upinde? Na zile za picha tofauti, mchezaji yuleyule lakini pozi jingine?

KonaNne

Bamba za kuchapia ni nne kwa kila kadi: samawati, majenta, njano na nyeusi, kila moja ikiwa 1/1. Ni vipande vya chuma vilivyotumika kuchapa, si kadi zilizochapwa. Wakusanyaji wengi wanaziweka kando, nami naona ndivyo sahihi. Zina thamani yake, lakini haziingii kwenye ngazi.

Picha tofauti ni kadi nyingine, ina hesabu yake. Kwenye seti kuu ya Topps hutambuliwa kwa msimbo mdogo ulio chini kabisa nyuma ya kadi. Tarakimu zake za mwisho hubadilika picha ikibadilika. Ni muhimu kuijua kwa sababu wauzaji huchanganya "picha tofauti" na "paraleli" kwenye vichwa vya tangazo.

Na ukija kuona Chrome imekuwa nzito, geukia seti kuu ya mwaka huohuo, Ohtani namba 700. Ngazi yake ina mantiki ya kupendeza: dhahabu ilichapwa nakala 2018 kwa ajili ya mwaka, nyeusi 67 kwa sababu Topps ilianza kutoa kadi za besiboli 1951, miaka 67 kabla, ya Siku ya Uhuru wa Marekani 76 kwa ajili ya 1776, ya Siku ya Mama na ya Siku ya Baba 50 kila moja, ya kombati ya siku ya Marekani ya kuwakumbuka wanajeshi waliofariki 25, na platinamu 1. Hiyo dhahabu ya nakala 2018 inapatikana wakati wowote.

MfukoLaini

Swali la nne halijajibiwa, nami ndilo ninalolijali kuliko yote.

Kadi ya Chrome ni tabaka mbili zilizogandamizwa: karatasi na filamu inayong'aa. Karatasi hunywa unyevu wa hewa na kuutoa. Filamu haifanyi hivyo. Karatasi ikitanuka au ikisinyaa peke yake, kadi yote inavutwa upande mmoja. Kwa hiyo kupinda si uharibifu, ni unyevu usiolingana. Ndiyo maana vitabu vizito juu ya kadi husaidia kwa siku mbili tatu, kisha inarudi ilivyokuwa.

Fanya hivi. Iweke kadi kwenye mfuko laini, kisha kwenye toploda (kishikizo kigumu cha plastiki) ya unene wa pointi 35. Weka toploda kadhaa kwenye sanduku la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na kipimo kidogo cha unyevu na pakiti ya kudhibiti unyevu ya pande mbili, ile inayotoa na kunyonya, ya asilimia 49 hivi. Usitumie zile chembe za kukausha zinazokuja na viatu. Hizo hunyonya tu na zitakausha karatasi hadi ipinde upande wa pili. Funga, subiri. Inachukua siku kadhaa, wakati mwingine wiki. Kipimo kikitulia kati ya 45 na 50 na kadi ikalala, ihamishie kwenye kasha la sumaku la pointi 35, ambalo litaibana isirudi. Usitumie pasi, kikausha nywele wala jua. Joto hutenganisha tabaka, na hapo hakuna dawa.

Kadi nyingi huumia zinapoingizwa kwenye mfuko. Shika mfuko kwa mkono mmoja, ubonyeze kidogo pande zake mbili ili mdomo ufunguke, ingiza kona moja ya chini kwanza kisha ya pili, halafu iache iteleze. Ukiisukuma kwa nguvu ikiwa imenyooka, kona mbili za chini zinagonga mdomo wa plastiki kwa wakati mmoja. Kwenye kadi yenye ukingo wa rangi utaiona nukta nyeupe papo hapo.

Kwenye kasha la sumaku kadi ya Chrome huingia bila mfuko laini. Ipulizie vumbi kasha kwanza, laza kadi kwenye kitako, hakikisha kona zote nne zimeingia kwenye mfereji, kisha shusha kifuniko polepole ukianzia upande wa chini. Ukiachia sumaku ivute yenyewe huku kona moja imepanda, inakata.

Wanaotaka kuuona upinde wote kwa pamoja hutumia ukurasa wa mifuko tisa. Chagua wa polipropilini, usichukue wa PVC laini wenye harufu, maana huo hutoa kemikali na kushikana na uso wa kadi. Faili liwe la pete zenye umbo la D. Pete za duara huzikandamiza kadi za safu ya ndani na kuziachia alama ya mviringo.

Lenzi10

Neno la gredi, kwa kifupi. Usipeleke kila rangi. Kijani na bluu zenye kichubuo hazirudishi ada. Dhahabu unayoiona safi, pima kwanza ukingo wa kushoto na wa kulia kwa rula ya milimita: 2.75 kwa 2.25 ni 55/45, na huo ndio mpaka wa PSA, kampuni ya kutoa gredi, kwa upande wa mbele ukitaka 10, gredi ya juu kabisa. Ikivuka hapo, kona nzuri hazitaiokoa. Ukiituma, iweke kwenye mfuko laini kisha kwenye kishikizo kinachopinda kidogo, siyo kwenye toploda, kwa sababu anayeitoa toploda kwa haraka huivuta kwa kona.

MsakaUpinde

Nimeelewa. Kuna dhahabu imewekwa sasa hivi, 17/50, na nyingine 38/50 ya muuzaji mwingine ambaye kaweka picha ya skana peke yake, mbele tu.

NambaNyuma

Fuata ya 38. Mwombe picha ya nyuma na video, taa moja, kadi ikiinamishwa. Akikataa au akichelewa hadi mnada unakaribia kuisha, usiweke ofa. Dhahabu nyingine itakuja. Akituma, angalia ukingo, angalia neno la nyuma, linganisha tarakimu, kisha weka kiwango chako cha juu mara moja katika sekunde za mwisho na usikiongeze. Na kabla hajaituma mwambie kwa maandishi: mfuko laini, toploda, karatasi ngumu mbili pande zote, mkanda wa rangi unaobanduka juu ya toploda badala ya ule wa gundi kali, na bahasha yenye viputo.